Kiswahili Kazini: Kabla ya Bisibisi, Uliza



Msimu wa kuomba nafasi za mafunzo kwa vitendo umefika, na wanachama watatu wanaosomea uhandisi wameniuliza swali moja kwa maneno tofauti: "Nikienda Tanzania kutengeneza vifaa vya hospitali, Kiswahili changu kitatosha?" Mmoja ana wasiwasi hata wa kuagiza chakula. Mwingine haoni shida yoyote, maana kwake mashine haina lugha: fyuzi ikiungua Boston imeungua, na ikiungua Babati imeungua. Nimeona niwajibu wote hapa, kwa kuwa jibu linawahusu hata wasiowahi kushika bisibisi, na linawahusu walimu wetu wanaopanga masomo ya mwaka ujao.

Jibu lenyewe ni fupi. Kiswahili ni kifaa cha kazi kama vilivyo vifaa vingine ndani ya begi la fundi, na mara nyingi ndicho kinachotakiwa kutoka kwanza. Maelezo ndiyo marefu kidogo.

Tuanze na mafunzo yenyewe. Njia ya kwenda ziko kadhaa, lakini inayojulikana sana kwa wanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba ni ile ya Engineering World Health, shirika lililoanzishwa mwaka 2001 na Robert Malkin na Mohammad Kiani. Nilipokwenda, programu yake ya kiangazi ilikuwa ya miezi miwili. Waliopelekwa Tanzania walikaa mwezi wa kwanza upande wa Arusha wakisoma Kiswahili pamoja na ufundi wa vifaa. Mwezi wa pili walipelekwa kwenye hospitali na kuanza kazi: karakana, wodi, maabara, chumba cha upasuaji. Mimi nilikwenda nikiwa tayari na Kiswahili cha nyumbani, nikapangwa na mwenzangu ambaye Kiswahili chake chote alikipata hapa chuoni, kwenye madarasa haya haya tunayoyalalamikia kila wiki ya mitihani. Nitamrudia baadaye.

Kwa nini waandaaji wa programu ya uhandisi watoe muda wa thamani kwa lugha? Wangeweza kuutumia wote kufundisha saketi na pampu. Sababu inaonekana kwenye takwimu zao. Mwaka 2010 Malkin, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Duke, alichapisha pamoja na Keane uchunguzi wa maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali 60 zenye uwezo mdogo katika nchi 11. Kati ya maombi hayo, 2,529 yalihusu vifaa tiba vilivyokuwa havifanyi kazi. Wahandisi na wanafunzi wa uhandisi walijaribu kuvitengeneza kwa kutumia vitu vinavyopatikana palepale tu. Vifaa 1,821, yaani asilimia 72, vilirudi kazini bila kuagiza kipuri hata kimoja kutoka nje.

Hapo tayari kuna jambo la kufikirisha, maana wengi wetu tumezoea kusikia kwamba hospitali za kwetu zinakwama kwa sababu ya vipuri. Lakini sehemu inayotuhusu sisi wa chama cha Kiswahili ni inayofuata. Watafiti hao walichukua vifaa 1,704 vilivyokuwa na maelezo ya kutosha, wakauliza: ni ujuzi gani uliovirudisha kazini? Walipata makundi sita. Mabomba na njia za maji na hewa asilimia 19. Umeme asilimia 18. Sehemu za kimakanika asilimia 18. Ugavi wa umeme ndani ya mashine asilimia 14. Mota asilimia 5. Na kundi kubwa kuliko yote, asilimia 25, lilikuwa ni kuifunga mashine inavyopaswa au kumwelekeza anayeitumia.

Robo nzima! Kufunga mashine ni kazi ya mikono pia, sikatai. Hata hivyo huwezi kumwelekeza mtu kwa spana. Utamwelekeza kwa maneno, na maneno ya wodini Tanzania ni ya Kiswahili. Daktari na fundi wamesoma kwa Kiingereza na mtaelewana. Ila mashine ya kufyonza inaoshwa na mhudumu wa wodi, na mashine ya oksijeni inawashwa saa tisa usiku na muuguzi aliye peke yake na wagonjwa thelathini. Hao ndio wanaojua mashine inaumwa nini, na ndio watakaobaki nayo ukishapanda ndege.

Mwaka uliofuata, 2011, Perry na Malkin walipitia orodha za vifaa 112,040 katika nchi zenye kipato kidogo, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 38.3 vilikuwa havifanyi kazi. Sababu kuu walizozitaja ni tatu: ukosefu wa mafunzo, usimamizi dhaifu wa vifaa, na miundombinu. Ya kwanza inahusu watu kufundishana. Huko ndiko lugha inakoingia, tena kwa mlango wa mbele.

Sasa tuingie wodini.

Walimu wetu wametufundisha kiambishi cha -ik-: vunja, vunjika, haribu, haribika, kata, katika. Darasani tunakiona ni sarufi ya kukariri. Wodini ni adabu. Muuguzi akikuambia "mashine imeharibika", amekueleza hali ya mashine bila kumtaja mtu. Kitenzi hicho kinamwezesha kusema kilichotokea bila kumshtaki mwenzake wa zamu ya usiku, wala kujishtaki mwenyewe. Mwanafunzi anayeuliza "Nani aliiharibu?" au "Uliifanyaje?" amekwisha kuufunga mlango. Atajibiwa, "Sijui, nimeikuta hivyo," na uchunguzi utaishia hapo. Lakini anayeuliza "Ilianza lini kusumbua?", "Ilizimika ghafla au taratibu?", "Kabla ya hapo kulikuwa na sauti au harufu yoyote?" atapewa historia nzima, pengine na ya ziada. Lugha imeshampa muuguzi njia ya kusema ukweli kwa amani. Kazi yako ni kutomvuruga.

Kisha sikiliza kitenzi anachokitumia, maana ndani yake mna nusu ya majibu.

"Imegoma" maana yake haitaki kufanya kazi, na chanzo bado hakijulikani. Anza na soketi ya ukutani, plagi, waya na fyuzi kabla hujafungua chochote.

"Inazimazima" maana yake inawaka na kuzima yenyewe. Tafuta waya uliolegea, au joto linalozidi mpaka swichi ya usalama inakata.

"Imeungua" maana yake kulikuwa na harufu au moshi. Nenda kwenye sehemu ya kuingizia umeme, na uliza kama siku hiyo umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu.

"Inapiga shoti" maana yake usiiguse. Itolewe kwenye umeme, iwekwe kando, na kila mtu wodini aambiwe.

"Haivuti" husemwa juu ya mashine ya kufyonza. Mara nyingi hewa inapenya mahali: mpira wa kifuniko umekauka, bomba limepasuka, au chupa haikukaa sawasawa.

"Inavuja" utaisikia kwa mashine ya presha. Tumbukiza mpira kwenye maji ya sabuni na tazama mapovu yanatokea wapi. Mziba pancha wa baiskeli chini ya mwembe anaijua mbinu hiyo kuliko profesa wako.

"Inanguruma" inakupeleka kwenye mota na beringi zake. Na "inadanganya" husemwa pale mashine inapowaka vizuri lakini vipimo vyake haviaminiki. Hii iogope kuliko iliyokufa kabisa, kwa sababu iliyokufa haitampa mgonjwa dawa asiyoihitaji.

Ukizipanga kauli hizo, utaona zinaelekea kwenye makundi yaleyale ya akina Malkin: umeme, mabomba, mota na kadhalika. Watu wa wodini hawakusoma utafiti huo, lakini lugha yao imeshayagawa matatizo kwa namna inayofanana.

Kuna mtego mmoja ambao umewachanganya wengi. "Mashine ni nzima" maana yake inafanya kazi, haina ubovu. "Mashine imezima" maana yake haiwaki. "Nimefungua mashine yote nzima" maana yake hukubakiza kitu. Sauti zinakaribiana, maana zinapishana kama mchana na usiku. Ukiandika kwenye daftari la karakana, soma ulichoandika mara mbili, maana herufi chache zinaweza kuipeleka mashine nzima stoo, na ile mbovu kwa mgonjwa.

Nilisema nitamrudia mwenzangu. Katika hospitali tuliyopangiwa kulikuwa na mashine ya kuzalisha oksijeni iliyokuwa imeandikwa "MBOVU" kwa kalamu nene. Ilikuwa imekwenda karakanani na kurudi zaidi ya mara moja. Kila ilipowashwa huko ilifanya kazi vizuri, ikarudishwa wodi ya watoto, na baada ya siku chache ikaletwa tena. Mwenzangu hakuomba bisibisi. Aliomba twende wodini. Mazungumzo yalikuwa hivi, nayaandika jinsi ninavyoyakumbuka:

"Shikamoo mama. Pole na kazi."

"Marahaba. Nimeshapoa, karibuni."

"Ahsante. Samahani, tunaangalia ile mashine ya oksijeni. Inasumbuaje?"

"Ile? Asubuhi inawaka vizuri tu. Ikifika saa nane mchana inaanza kupiga kelele, halafu inazima."

"Kila siku?"

"Siku za baridi haisumbui sana."

"Huwa mnaiweka wapi?"

"Pale konani, nyuma ya pazia. Ikikaa katikati inaziba njia ya toroli."

Maswali matatu ya Kiswahili cha mwaka wa kwanza, na ugonjwa ulikuwa umejulikana. Niwaeleze wasio wahandisi kwa nini. Hewa tunayovuta ina naitrojeni kama asilimia 78 na oksijeni kama asilimia 21. Mashine hiyo huvuta hewa ya chumbani, kompresa huisukuma kwa nguvu kupitia chembechembe za madini yaitwayo zeoliti, na zeoliti huishika naitrojeni. Kinachopita upande wa pili ni hewa ambayo kwa mashine iliyo nzima ina oksijeni asilimia 90 na zaidi. Kompresa hutoa joto jingi, kwa hiyo mashine inahitaji nafasi ya kupumua. Ikibanwa ukutani nyuma ya pazia, na sponji ya kuchuja hewa ikiwa imejaa vumbi, joto hupanda. Saa za mchana, chumba nacho kikiwa na joto, swichi ya usalama inakata. Asubuhi karakanani, kwenye meza iliyo wazi, haiwezi kuonyesha ubovu huo hata kidogo.

Sponji ilioshwa kwa maji na sabuni, ikakaushwa. Vumbi la ndani lilipulizwa. Mashine iliachwa iwake kutwa nzima huku fundi wa hospitali akipima kiwango cha oksijeni kila baada ya muda. Kisha muuguzi mwenyewe alichagua pahali pengine pa kuiweka, futi moja na zaidi kutoka ukutani, ambapo haizibi toroli. Hakikununuliwa kipuri chochote. Muuguzi yule alikuwa na jibu siku zote. Lilikuwa linasubiri mtu wa kuliuliza, kwa lugha ambayo lingeweza kujibiwa.

Na tazameni mpangilio wa mazungumzo yale. Salamu ilitangulia, kisha pole, kisha samahani, ndipo swali. Msidhani ni mapambo. Mtu mzima aliyesimama tangu alfajiri anaingiliwa na vijana wawili wenye mabegi ya vifaa. Shikamoo inamwambia kwamba mmekuja kwake, kwamba yeye ndiye mwenyeji. Kwa muuguzi wa rika la mama yako, "mama" inafaa. "Sista" nayo utaisikia sana. Fundi mwite "fundi". Ni cheo cha heshima, na atakujua kama unakitumia kwa heshima au kwa mzaha. Mkubwa wa wodi aombwe ruhusa kabla mashine haijatolewa, hata kama kila mtu anasema ni mbovu. Pengine ndiyo pekee waliyo nayo, na mbovu inayofanya kazi asubuhi ni bora kuliko iliyofunguliwa vipandevipande mezani.

Tukija kwenye majina ya vitu, nina ombi kwa wapenzi wa kamusi, nami nikiwa mmoja wao. Kamusi itakupa "hadubini", na fundi wa maabara anaweza kukuambia "maikroskopu". Wewe unaandaa "kitakasio cha mvuke", wao wanasema "otokilevu". Wengine wanasema "inkubeta", wengine "ile mashine ya joto ya watoto njiti". Siku ya kwanza usisahihishe jina la mtu. Uliza: "Hii hapa mnaiitaje?" Liandike kwenye daftari, ulitumie. Istilahi sanifu tutazijadili hapa kwenye meza ya Kiswahili, na tukirudi na orodha ya maneno yanayotumika kweli, walimu wetu watapata cha kufanyia kazi. Maneno mengine hayana ubishi: bisibisi, spana, koleo, waya, swichi, soketi, kuchomeka, kulehemu, vipuri, karakana. Hayo yajue kabla hujapanda ndege.

Umeme nao una hadithi yake, na hapa sisi tunaotoka Marekani tunahusika moja kwa moja. Umeme wa ukutani Tanzania ni volti 230, hezi 50. Marekani ni volti 120, hezi 60. Mashine iliyotolewa msaada kutoka huku na kuchomekwa kule bila transfoma ya kushusha umeme inaweza kuungua dakika hiyohiyo, tena kwa mtu aliyefanya jambo la kawaida kabisa: kubadilisha plagi ili iingie kwenye soketi. Hata ukiweka transfoma, hezi hazibadiliki, na baadhi ya mota na saa zinazotegemea hezi zitakwenda polepole kuliko zilivyokusudiwa. Onyo lipo, limeandikwa kwa herufi ndogo za Kiingereza nyuma ya mashine, upande unaotazama ukuta. Kipande cha karatasi kilichofungwa kwenye waya wenyewe, kikisema "USICHOMEKE UKUTANI. TUMIA TRANSFOMA," kinaweza kuokoa mashine ya maelfu ya dola. Gharama yake ni kalamu, karatasi na kuijua hali ya kukanusha katika amri. Chomeka, usichomeke: somo la muhula wa kwanza.

Kuna pia mipaka, nayo niiseme waziwazi. Wewe ni mwanafunzi. Mashine ya usingizi, mashine ya kupumulia, ya kushtua moyo na ya eksirei ni za waliosomea na kuidhinishwa. Ya kushtua moyo inaweza kubaki na umeme ndani hata baada ya kuchomolewa ukutani. Hakuna mashine inayojaribiwa kwa mgonjwa ili kuona kama imepona. Na kabla ya kufungua chochote kilichotoka wodini, jifunze sentensi hii mpaka uiseme usingizini: "Imeshasafishwa kwa dawa?" Damu iliyokaukia ndani ya mashine ya kufyonza haikuulizi kama wewe ni mgeni.

Sasa nije kwenye lawama ambayo mtaisikia, na ambayo mnastahili kuisikia kabla ya kujaza fomu. Wapo wanaosema safari hizi zinamnufaisha mwanafunzi kuliko hospitali. Mwezi mmoja, picha nyingi, barua nzuri ya kuombea kazi, halafu mashine zinaharibika tena. Sitaibeza lawama hiyo. Mwezi mmoja ni mfupi kweli. Tena Tanzania ina mafundi wake: Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam wanafundisha uhandisi wa vifaa tiba, na fundi aliyehitimu huko ataifanya kazi hii miaka thelathini baada ya wewe kuondoka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali la kujiuliza ni hili: mwenyeji amepona nini, na kwa muda gani?

Kwa maoni yangu, kinachoamua ni kile unachokiacha nyuma, na sehemu kubwa ya unachoweza kukiacha ni maneno. Mashine iliyotengenezwa ikarudishwa kimya kimya itafuata njia ileile iliyoipeleka stoo. Iliyorudishwa pamoja na dakika kumi za maelezo, kwa mhudumu anayeiosha na kwa muuguzi anayeiwasha, ina nafasi nyingine. Andika kibandiko kifupi, kwa kitenzi cha kuamuru na siku maalumu: "OSHA SPONJI HII KILA JUMATATU. IKAUKE KABLA YA KUIRUDISHA." Usiandike "mara kwa mara", maana mara kwa mara ni siku isiyofika. Mwombe muuguzi akisome kwa sauti kabla hujakibandika, na akisema "hapa sisi husema hivi", badilisha. Kwenye daftari la karakana andika mashine ilikuwa na shida gani, imefanywa nini, kimetumika nini na kilinunuliwa duka gani mjini. Fundi akubali maneno hayo kuwa yake, maana daftari ni lake.

Hiyo ndiyo maana ya matengenezo kinga. Otokilevu inayotumia maji yenye chumvi hujenga ukoko juu ya kipashajoto, kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Ukikwanguliwa mapema ni kazi ya saa moja. Ukiachwa, kipashajoto kinaungua, na vifaa vya upasuaji vinasubiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hospitalini ukuta huo ni mama aliyeambiwa upasuaji wake umeahirishwa.

Kipimo changu cha mwanafunzi aliyefanya kazi vizuri si idadi ya mashine alizofungua. Ni kama wiki ya mwisho anaweza kukaa pembeni, mikono mfukoni, na kumwangalia mtu wa pale akifanya alichokuwa akifanya yeye. Hilo haliwezekani bila lugha ya pamoja.

Kwa hiyo, kwa wale watatu walioniuliza: ndiyo, Kiswahili chenu kinaweza kutosha, mkikielekeza kwenye kazi. Hamhitaji kuhutubia. Mnahitaji salamu zinazotulia mdomoni, maswali kama ishirini, masikio ya kukamata vitenzi vya ubovu, na uwezo wa kuandika maagizo mafupi yasiyo na utata. Mmoja wenu ataingia hospitali ambako pembeni ya wodi kuna mashine imeandikwa "mbovu", na mtu anayejua kwa nini amesimama hatua tano kutoka hapo.

Kwa walimu wetu, naomba jambo moja. Tumejifunza kununua machungwa sokoni, kuuliza njia ya stesheni na kuwataja wanyama wote wa Serengeti. Tunashukuru. Mwaka ujao tupeni wiki mbili za hospitali: -ik- ya mashine iliyoharibika, -wa ya iliyotengenezwa, amri na makatazo ya vibandiko, na mazungumzo ambamo mwanafunzi ni fundi na mwalimu ni muuguzi mwenye haraka. Wanaosomea uuguzi, afya ya jamii na famasia watanufaika pia, na hata anayesomea fasihi hatapata hasara kuona kiambishi kikifanya kazi ya kuokoa uso wa mtu.

Na kwa wanachama wote: wiki ijayo meza ya Kiswahili itakuwa ya vifaa tiba. Njooni na kitu chochote kibovu, kiwe redio, feni au kikaushia nywele. Tutakaa wawili wawili. Mmoja mwenye chombo, mwingine fundi. Fundi haruhusiwi kukigusa mpaka awe ameuliza maswali matano ya Kiswahili na kujibiwa. Bisibisi nitaleta mimi.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.